Mpangaji katika Nyumba ya Hadithi: Thrawn, Wanoghri na Riwaya za Star Wars

Katika kikao kimoja cha kujadili mapendekezo ya tasnifu za uzamili, mwanafunzi mmoja alileta pendekezo la kuchunguza usawiri wa watu waitwao Wanoghri katika riwaya tatu za Timothy Zahn, mwandishi wa Marekani. Pendekezo lilikataliwa kabla chai haijapoa. Hoja zilizotolewa zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kwamba riwaya hizo ni fasihi pendwa, na kwamba kazi pendwa humaliza yote iliyo nayo pindi isomwapo mara moja. Hoja hiyo haitatushughulisha hapa. Imekwisha kujibiwa na wengi walioandika juu ya riwaya pendwa ya Kiswahili, na ajabu ni kuwa bado yahitaji kujibiwa. Hoja ya pili ilikuwa nzito zaidi. Mwandishi wa riwaya hizi, ilisemwa, hamiliki wahusika wake, hamiliki ulimwengu wanamoishi, wala hana kauli ya mwisho kuhusu nani afe na nani aishi. Vipi basi ahakikiwe kwa kazi ambayo si yake?

Nilikuwa miongoni mwa walionyamaza siku hiyo. Riwaya hizo nilikuwa nimezisoma, nakala za mitumba zilizonunuliwa kando ya barabara katikati ya jiji la Nairobi, na nilizisoma kama wengi wetu tunavyosoma vitabu vya namna hiyo, yaani kwa raha na kwa siri. Makala hii ni jawabu lililochelewa. Rai yetu ni kuwa huko kutomiliki ndiko hasa kunakozifanya baadhi ya riwaya hizi zistahili kuhakikiwa. Ndani yake mna hadithi ya watu wanaotumika katika nyumba isiyo yao, kwa masharti wasiyoyaweka wao, na hadithi hiyo imeandikwa na watu ambao nao walikuwa katika hali iyo hiyo.

Yafaa kwanza tueleze istilahi. Kwa "riwaya tegemezi" tunakusudia riwaya inayotungwa kwa idhini ya mwenye sinema, ikatumia wahusika na mazingira ya sinema hiyo, ama kwa kuisimulia upya sinema yenyewe, ama kwa kusimulia mambo ambayo sinema haikuyaonyesha. Star Wars si sinema ya kwanza kuzaa riwaya za aina hii, lakini ni chache zilizozaa kwa wingi na kwa mfululizo kama hiyo. Na katika historia yake kitabu ndicho kilichotangulia. Riwaya ya kwanza ilitoka Marekani mwishoni mwa 1976, miezi kadhaa kabla ya sinema kuonyeshwa Mei 1977. Jina lililokuwa juu ya jalada lilikuwa la George Lucas, mwongozaji wa sinema. Aliyeiandika ni Alan Dean Foster. Tangu ukurasa wake wa kwanza, basi, riwaya ya Star Wars ina mwandishi asiyetajwa.

Foster huyo huyo ndiye aliyetunga Splinter of the Mind's Eye, iliyochapishwa 1978. Kitabu hicho kilikusudiwa kuwa msingi wa sinema ya pili yenye gharama ndogo, endapo ya kwanza isingefanikiwa. Msomaji makini anaweza kuyasoma masharti ya mkataba katika kila sura. Sayari ya Mimban imegubikwa na ukungu tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa penye ukungu pana haja ndogo ya mandhari ghali. Han Solo hayumo, kwa kuwa mwigizaji Harrison Ford alikuwa hajaafiki kucheza katika sinema ya pili. Luke na Leia wanakaribiana kwa namna ambayo humfanya msomaji wa leo ageuze uso, kwani sinema ya 1983 ilifichua kuwa hao ni mapacha. Foster hakukosea. Vyumba vilipangwa upya baada ya yeye kuhama.

Tamathali hii ya nyumba na mpangaji haikuchaguliwa kwa pambo. Oktoba 2012 kampuni ya Disney ilitangaza kuinunua Lucasfilm kwa takriban dola bilioni 4. Novemba 2020, Foster, kupitia chama cha waandishi wa riwaya za kisayansi na za kifantasia cha Marekani, alilalamika hadharani kuwa mrabaha wa vitabu vyake ulikuwa haulipwi tangu mali ilipobadilisha mikono. Mwaka uliofuata ilitangazwa kuwa madai yake yamepata suluhu. Kwa mhakiki, kilicho muhimu si shauri lenyewe bali swali lililozuka: mtu akinunua hadithi, je, amenunua pia deni la hadithi hiyo kwa aliyeiandika? Tutakuta baadaye kwamba neno "deni" limekaa katikati ya riwaya bora zaidi za kundi hili.

Turudi kwenye hoja ya mwenzetu. Ikiwa kutomiliki wahusika kunamwondoa mtu katika daraja la wasanii, itatupasa tumwondoe Muhammad Kijumwa. Alipouandika utendi wake wa Fumo Liyongo mwaka 1913, hadhira ya Lamu ilikwisha kujua kuwa shujaa hufa kwa sindano ya shaba, kuwa sindano hiyo hupenya kitovuni, na kuwa mkono unaoidunga ni wa mwanawe mwenyewe. Kijumwa hakuwa na uhuru wa kumwokoa Liyongo. Uhuru aliokuwa nao ulikuwa katika mwendo, katika kuchelewesha, katika kumweka mama kisimani na mwili wa mwanawe uliopiga goti na upinde mkononi. Hata hivyo ulinganisho huu usisukumwe mbali. Liyongo hana wakili. Hapakuwa na mtu wa kumkataza mshairi wa Pate au wa Siyu asimsimulie Liyongo kwa namna yake, ilhali ulimwengu wa Star Wars una mwenyewe, na mwenyewe ana ofisi inayosoma miswada. Mpokeo na hakimiliki ni taasisi mbili tofauti, na mpangaji si mrithi.

Pamoja na hayo, mbinu aliyoitumia Kijumwa yaonekana pia kwa Matthew Stover, aliyeisimulia upya kwa maandishi sinema ya Revenge of the Sith mwaka 2005. Wasomaji walijua fika kuwa kijana Anakin angegeuka kuwa Darth Vader; walikuwa wamelijua hilo kwa zaidi ya miaka ishirini. Stover hajaribu kuwasahaulisha. Anafungua kwa kuwaambia kuwa mambo haya yamekwisha kutokea zamani na hakuna la kufanya, kisha, katika vituo maalumu vya masimulizi, anahamia nafsi ya pili na kumwambia msomaji hivi ndivyo ilivyo kuwa mhusika fulani. Athari yake ni kubwa. Taharuki inakufa, na badala yake inazaliwa huruma, kwa kuwa "wewe" anayejua mwisho ndiye huyo huyo "wewe" anayeuendea. Sinema yenyewe haikulipata hilo, na si kwa sababu ya waigizaji tu, kama wengi walivyolalama. Kamera haina nafsi ya pili.

Stover huyo huyo alijaribu jambo kubwa zaidi katika Shatterpoint (2003), na hapo aliteleza. Mace Windu, mkuu wa Jedi mwenye ngozi nyeusi, anarudi kwenye sayari alikozaliwa, Haruun Kal, kumtafuta mwanafunzi wake wa zamani Depa Billaba aliyepotelea katika vita vya msituni. Kivuli cha riwaya ya Joseph Conrad kuhusu Kongo kinaonekana wazi, na Stover anafanya jambo la busara kwa kumfanya mtafutaji awe mzaliwa wa msitu huo, mwenye shajara yake na nafsi yake ya kwanza. Lakini Chinua Achebe, katika mhadhara wake wa 1975 kule Massachusetts, hakulalamikia tu nani anayesafiri. Alilalamika kuwa wenyeji wa msitu wamenyimwa lugha. Naye Kar Vastor, kiongozi wa wapiganaji wenyeji katika riwaya ya Stover, hasemi. Hunguruma, na maana ya ngurumo hizo hujitokeza yenyewe katika akili za wasikilizaji. Ni ubunifu wenye nguvu kubwa ya kisanaa, na ni kosa lile lile.

Kwa hiyo tumwendee Zahn. Mwaka 1991, miaka minane baada ya sinema ya tatu, wakati ambapo wengi walidhani hadithi imekwisha, kampuni ya uchapishaji ya Bantam ilitoa Heir to the Empire. Kitabu kilipanda hadi nafasi ya kwanza katika orodha ya gazeti la New York Times. Kilifuatwa na Dark Force Rising (1992) na The Last Command (1993). Zahn hakuwa kibarua wa kalamu: ana shahada ya uzamili ya fizikia, na mwaka 1984 alikuwa amepata tuzo ya Hugo kwa hadithi yake Cascade Point. Lugha yake, tukubali, ni ya kawaida. Sentensi zake hutembea kama askari gwarideni, na wahusika wake wana mazoea ya kutabasamu kidogo kila wanapotaka kusema jambo la akili. Nguvu yake haimo katika sentensi. Imo katika mpango wa matukio, na katika mambo mawili aliyoyaongeza nyumbani mwa watu: Amirali Mkuu Thrawn na Wanoghri.

Thrawn ni mgeni katika Dola aliyoitumikia, mwenye ngozi ya samawati na macho mekundu, katika jeshi lililowadharau wasio binadamu. Amepanda cheo kwa akili. Na akili hiyo ina mbinu moja ambayo kila mhakiki wa fasihi anapaswa kuitetemekea: kabla ya kulipiga taifa, Thrawn huketi gizani katikati ya taswira za mwanga za michoro na vinyago vya taifa hilo, akazisoma. Mapema katika kitabu cha kwanza anakisambaratisha kikosi cha Waelomin kwa kuwa sanaa yao imemwonyesha kuwa akili zao zapenda mpangilio, na hivyo hazitaweza kukabili shambulio lisilo na mpangilio. Yeye ni msomi. Anafanya kazi tunayoifanya sisi, ila tu yeye ana manowari.

Nadharia yake, tukiipima, ni dhaifu. Inadai kuwa taifa moja lina sanaa moja na sanaa moja ina akili moja. Mtu angekuwa amemsoma Muyaka wa Mwinyi Haji tangu beti za mapenzi hadi beti za vita, angejua mengi kuhusu Mombasa, lakini asingejua jinsi Mombasa itakavyoanguka. Mwaka 1837 Seyyid Said aliingia kwa sababu Wamazrui walikuwa wamegombana wao kwa wao, na aliyetaka kulijua hilo alihitaji kusikiliza barazani, si kusoma diwani. Hata hivyo udhaifu wa nadharia ya Thrawn haumdhuru kama mhusika, kwa kuwa Zahn anaonyesha, bila kuhubiri, gharama yake. Kuna kipande kifupi ambamo Thrawn anatazama sanaa ya taifa moja na kumwambia Kapteni Pellaeon kuwa zamani alishindwa kulielewa, na kuwa sasa tu ndipo anaanza. Pellaeon, kwa adabu ya ofisa mdogo, anajibu kuwa bila shaka ufahamu huo utafaa siku za usoni. Thrawn ana shaka: dunia yao alikwisha kuiangamiza. Mazungumzo hayo hayazidi aya chache. Nimesoma maandishi marefu kuhusu elimu ya kikoloni na utawala ambayo hayakusema zaidi.

Tuje sasa kwa Wanoghri, kwani hao ndio waliomleta mwanafunzi wetu kikaoni. Ni watu wafupi, wenye ngozi ya kijivu, mahodari wa kuua kimyakimya, na katika kitabu cha kwanza wanaonekana kama zana tu: kila mara wanajitokeza kumteka Leia, kila mara wanashindwa kwa tundu la sindano. Msomaji wa riwaya pendwa amewazoea wahusika wa aina hii na hawatarajii kuwa na mama. Katika kitabu cha pili Leia anasafiri hadi Honoghr, sayari yao, na riwaya inabadilika mikononi mwetu.

Historia ni hii. Miaka mingi nyuma vita vya angani vilipiganwa juu ya Honoghr. Meli iliyoanguka ilimwaga sumu iliyoua mimea na wanyama, na Wanoghri wakakabili kifo cha njaa. Ndipo Vader alipokuja, akaleta chakula, akaleta roboti za kuisafisha ardhi. Kwa deni hilo, Wanoghri waliitoa Dola vijana wao, kizazi baada ya kizazi, wawe makomando. Roboti bado zinasafisha. Ardhi iliyokwisha kusafishwa haitoshi kulisha watu, hivyo Dola inaongeza chakula, na chakula kinaongeza deni. Kila kitu kimefunikwa na nyasi za rangi ya hudhurungi. Leia, akishangazwa na uchache wa ardhi iliyopona, anachunguza na kugundua kuwa nyasi zenyewe ndizo silaha: zimetengenezwa na wataalamu wa Dola ili zizuie kila mmea mwingine usiote. Ardhi haiponi kwa sababu imekusudiwa isipone. Msaada ndio ugonjwa.

Hatuna ushahidi kuwa Zahn alikuwa akiifikiria Afrika, na si lazima tuutafute. Msomaji aliyefundishwa darasani jinsi kodi ya nyumba ilivyowasukuma wanaume kwenye mashamba ya walowezi hahitaji kuelekezwa: deni linabuniwa kwanza, kisha kazi inadaiwa. Katama Mkangi, katika Walenisi (1995), alimpeleka Dzombo kwenye sayari ambayo jina lake lenyewe latamka kuwa wale ni sisi. Zahn hakutamka hivyo. Pengine hakujua. Lakini katika maelezo aliyoyaandikia toleo la kuadhimisha miaka 20 ya Heir to the Empire, lililotoka 2011, alifichua jambo linalotufaa sana: alikuwa amekusudia watu hawa waitwe Sith, ili jina la cheo cha Vader, Bwana wa Giza wa Sith, lipate asili yake katika utawala wake juu yao. Lucasfilm ilikataa. Laiti ingekubali, cheo kile cha kutisha kingekuwa cheo cha gavana, kama vile mtu aitwavyo Bwana wa koloni fulani, na sinema zote tatu zingesomeka upya. Jina likarudishwa ghalani kwa mwenye nyumba. Wanoghri, hata kabla hawajazaliwa, walikuwa wamekwisha kunyang'anywa jina.

Mhusika bora wa sehemu hii si Leia wala Khabarakh, komando kijana aliyempeleka Honoghr. Ni bibi kizee aitwaye maitrakh, mkuu wa ukoo, mwenye kuitunza dukha, jumba la ukoo lililo katikati ya kijiji. Hampendi Leia. Hana haja ya kupenda. Ana ukoo wa kuulinda, na ukweli uletwao na mgeni unaweza kuwaua watu sawasawa na uwongo wa bwana. Thrawn anapofika kijijini bila kutarajiwa, kizee huyu ndiye anayesimama baina ya mgeni aliyemficha na bwana aliyekuja kudai utiifu, na kila neno analolitoa lina pande mbili. Zahn, ambaye kwingineko hueleza mno, hapa anamwacha anyamaze panapostahili.

Hapa ndipo pia panapoanza malalamiko yetu. Wanoghri wanamsikiliza Leia kwa nini? Si kwa kuwa amethibitisha. Wanamsikiliza kwa kuwa pua zao zimetambua damu yake: yeye ni binti wa Vader, na kwa lugha yao wanamwita Mal'ary'ush, mrithi wa bwana. Uhuru unawafikia kupitia nasaba ya yule yule aliyewadanganya. Aliyewafunga ni baba, anayewafungua ni binti, nao wanabaki mali inayorithiwa hata katika saa ya kukombolewa. Zahn aliliona tatizo hili nusu. Leia mwenyewe hafurahii kuitwa hivyo, na anaona haya kutumia heshima iliyopatikana kwa hadaa; lakini anaitumia, na riwaya inamshangilia. Mwandishi aliyekuwa huru kabisa angeweza kumpa maitrakh ugunduzi ule. Mwanamke aliyeishi na nyasi hizo maisha yake yote hakosi kujua zinavyoota. Mpangaji, hata hivyo, anajua nani aliye kwenye jalada, na aliye kwenye jalada lazima agundue.

Je, kasoro hii inaporomosha kila kitu? Hapana, kwa sababu ya ukurasa mmoja karibu na mwisho wa The Last Command. Vita vya Bilbringi vinapiganwa. Thrawn ameketi kwenye kiti chake cha amri, utulivu ule ule, Pellaeon kando yake. Nyuma yake yupo Rukh, mlinzi wake Mnoghri, aliyesimama hapo tangu kitabu cha kwanza bila ya sisi kumtazama sana. Habari za Honoghr zimekwisha kumfikia. Rukh anamchoma kisu kifuani. Hakuna Skywalker chumbani, wala jeshi la Jamhuri Mpya halikumtuma. Msomi aliyesoma vinyago vya mataifa ya mbali hakumsoma aliyekuwa akipumua kisogoni pake. Thrawn anakufa akisifu usanii wa tendo lenyewe, na sifa hiyo inauma kuliko kisu, kwa kuwa mpaka pumzi ya mwisho anamchukulia Rukh kama kazi ya sanaa badala ya kumchukulia kama mtu aliyeibiwa. Hilo Zahn aliliandika kwa mkono wake, na hakuna mwenye nyumba aliyelitia. Mwenzetu aliyeuliza vipi tumhakiki mtu kwa kazi isiyo yake angeanza na ukurasa huo.

Hata hivyo kitabu hakikai peke yake, na upande wa pili wa jambo hili lazima usemwe. Tarehe 25 Aprili 2014 Lucasfilm ilitangaza kuwa riwaya zote zilizotangulia, kazi ya zaidi ya miongo mitatu, hazimo tena katika masimulizi rasmi. Zitaendelea kuchapishwa zikiwa na neno Legends juu ya jalada. Wapenzi wa riwaya hizo walilia, na kilio chao hakikuwa cha kitoto kama kilivyochekwa. Lakini kilio hicho kilikosea shabaha. Hadithi iliyokanwa na mwenyewe haipungui herufi. Dark Force Rising ya leo ina maneno yale yale ya 1992. Kinachostahili kutazamwa ni kilichorudishwa.

Thrawn alirudishwa. Mwaka 2016 alitokea katika mfululizo wa katuni wa televisheni uitwao Star Wars Rebels, akiwa na michoro yake na utulivu wake. 2017 Zahn mwenyewe aliagizwa kumwandikia riwaya mpya yenye jina lake. 2023 alichezwa na mwigizaji katika mfululizo wa Ahsoka. Rukh naye alirudishwa, katika msimu wa mwisho wa Rebels. Ni mfupi, wa kijivu, anawinda kwa kunusa. Katika mfululizo huo hakuna nyasi, hakuna sumu, hakuna deni, hakuna bibi. Hajaibiwa kitu kwa sababu hakupewa kitu. Na katika vipindi vya mwisho vilivyoonyeshwa 2018, Rukh anakufa akiwa bado yu katika utumishi wa Thrawn, ilhali Thrawn anapona. Mtumishi aliyemuua bwana katika kitabu amegeuzwa mtumishi anayemfia bwana katika picha.

Sidai kuwa kulikuwa na njama. Pengine watengenezaji walimhitaji tu bwana kwa hadithi nyingine, na maiti haina faida. Lakini uhakiki haushughuliki na njama. Unashughulika na umbo, na umbo hapa ni bayana: msomi wa Dola aliokolewa pamoja na kipaji chake chote cha kusoma sanaa za watu, na sababu ya kuuawa kwake ikaachwa katika vitabu vilivyokanwa. Asiyesoma vitabu hivyo hawezi kujua kuwa kuna kitu kimekosekana. Ndiyo maana pendekezo lile lilikuwa na haki ya kupita, na ndiyo maana kunyamaza kwangu siku ile hakukuwa jambo dogo kama nilivyojifariji nikirudi nyumbani.

Mwanafunzi wetu aliandika tasnifu juu ya mada nyingine akafaulu vizuri. Kabla ya kuondoka aliniachia nakala zake tatu za Zahn, za chapa mpya, neno Legends likiwa juu ya kila jalada. Katika ya pili, kwenye sura ambamo siri ya nyasi inagunduliwa, amepiga mistari kwa penseli chini ya maneno ya maitrakh, si ya Leia, na mahali pamoja penseli imetoboa karatasi.